Stelingi Ikigoma Kona, Usikubali Kuuziwa Raki Haraka!

JUMAMOSI moja, saa mbili usiku, shati limenyooshwa mpaka linakata, marashi yamekolea, na shemeji yenu yupo kiti cha pembeni anachagua kanda ya muziki wa taratibu. Tulikuwa Sinza, nakata kulia kutoka Barabara ya Shekilango kuingia mtaani. Nikazungusha usukani kama kawaida, kwa mkono mmoja, si unajua tena mambo ya kujionyesha. Usukani haukuja.

Msomaji wangu, sisemi gari lilizimika. Injini ilikuwa inanguruma, taa zinawaka, muziki unapiga. Usukani tu ndio umekuwa mzito kama umeshikwa na mtu chini ya gari. Badala ya kukata kulia, gari likaendelea mbele kuelekea pembeni mwa barabara, pale alipokaa mama mmoja na karai lake la mihogo ya kukaanga. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Likasimama hatua mbili kutoka kwenye jiko. Yule mama hakukimbia, alibaki ameshika kijiko chake ananitazama. Kisha akanitukana, na alikuwa na haki.

Shemeji yenu alirudi kwao kwa teksi.

Sasa kasheshe yenyewe ni kwamba gari si langu. Ni la mjomba, Corolla ya mwaka 1998, aliniachia funguo alipokwenda Moshi likizo, kwa sharti moja tu: alikute kama alivyoliacha. Na mjomba ni mtu wa kupitisha kidole juu ya boneti kuangalia vumbi.

Fundi wa kwanza

Kesho yake nikalikokota mdogo mdogo mpaka kwa fundi wa chini ya mwembe, jirani na kwetu. Kijana mchangamfu, ovaroli imelowa oili. Hakufungua hata boneti. Aliingia ndani, injini imezimwa, akauzungusha usukani mara moja, akashuka anatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya.

“Braza, raki imekufa hii. Lete laki tatu na themanini, kesho jioni unaondoka nalo.”

Laki tatu na themanini! Mfukoni nilikuwa na kodi ya miezi mitatu ya chumba changu, nayo haikufika hapo. Nilikaa juu ya tairi bovu nikaanza kupiga hesabu za nani nimkope. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshakubali. Kilichoniokoa ni jamaa mmoja pale kijiweni, dereva wa daladala, aliyeniuliza kwa sauti ya chini: “Amejaribu injini ikiwa imewaka?”

Hajajaribu. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo la kwanza, ambalo nalitoa bure kwako wewe unayesoma. Gari lolote la pawa stelingi ukilizima injini na kuzungusha usukani limesimama, lazima utakuwa mzito. Hata likiwa jipya limetoka kiwandani. Kipimo cha namna hiyo hakikuambii kitu chochote kuhusu raki. Ni sawa na kuzima redio halafu ukasema spika zimekufa.

Mzee wa Ilala

Yule dereva akanielekeza kwa mzee mmoja Ilala, mitaa ile ya spea za mtumba. Nilimkuta anakunywa chai.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Lina nini?”

Nikamwambia raki imekufa. Akacheka. “Hilo ni jibu. Mimi nimeuliza ugonjwa.” Kisha akaniuliza maswali kama yale ya zahanati. Lilianza ghafla au pole pole? Linalia asubuhi? Ni zito pande zote mbili au upande mmoja? Ukikanyaga mafuta, linapungua uzito au linabaki vilevile?

Na hapo ndugu yako nikaanza kuona aibu. Maana kulia, lilikuwa linalia. Wiki tatu nzima! Kila asubuhi nikiwasha na kukata kona kutoka uani, kuna sauti ya kuguna chini ya boneti, kama mzee anayeamshwa usingizini. Nilichofanya ni kuongeza sauti ya redio.

Mzee hakunisema. Alianza na kitu ambacho hata sikukitegemea: upepo wa tairi za mbele. Tairi ikilala, usukani huwa mzito, na watu wengi wamefungua pampu kwa sababu ya tairi isiyo na upepo. Zangu zilikuwa sawa. Akafungua boneti, akaanza kunieleza huku anaonyesha kwa bisibisi.

Mambo ni mepesi kuliko yanavyosikika. Kuna pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda, wengine huita belti. Pampu inavuta oili kutoka kwenye kikopo kidogo, inaisukuma kwa nguvu kupitia paipu ngumu mpaka kwenye raki, ile mashine ndefu iliyolala chini kati ya tairi mbili za mbele. Ukigusa usukani, vali inafungua njia na oili inasukuma upande unaoutaka wewe. Ikimaliza kazi inarudi kwenye kikopo kwa mpira laini. Basi. Nguvu unayoiona ya mkono mmoja si yako, ni ya injini.

Ujanja huo si wa jana. Injinia wa Kimarekani, Francis Davis, aliutengeneza kwenye gari la Pierce-Arrow tangu mwaka 1926, lakini ulisubiri mpaka 1951 ndipo kampuni ya Chrysler ikauweka kwenye magari ya kuuzwa kwa watu. Kabla ya hapo dereva alikuwa anajulikana kwa mabega.

Kutokana na maelezo hayo utaona mwenyewe: kabla ya kufika kwenye raki kuna mkanda, oili, mipira na pampu. Raki iko mwisho wa foleni. Na bei zake zimepangika hivyo hivyo, vya mwanzo ni vya hela ya soda na cha mwisho ni cha kodi ya nyumba. Fundi anayeanza mwisho wa foleni, wewe muulize ana haraka ya nini.

Gari linasema lenyewe

Mzee aliubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Mkanda uliolegea, uliopasuka pasuka kwa ndani au uliong'aa kama kioo, unateleza. Dalili yake ni mlio mkali wa kupiga kelele ukikata kona sana, ule unaofanya watu wote kituoni wageuke. Pia ukipita kwenye dimbwi, tuseme Jangwani siku mvua imeonyesha ubabe, mkanda ukilowa maji unaweza kuteleza na usukani ukawa mzito kwa muda, kisha ukarudi. Ukiona hivyo usiende kununua pampu. Kaza au badilisha mkanda.

Wa kwangu ulikuwa mzima. Akafungua kikopo cha oili.

Msomaji, kilikuwa kikavu karibu mpaka chini. Kidogo kilichobaki kilikuwa na povu kama la sabuni. “Ndiyo huyo anayeguna,” mzee akasema. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa badala ya oili. Hewa haina nguvu ya kusukuma raki, ndiyo maana usukani unakuja unakwenda, mara mwepesi mara mzito, na siku ya siku unagoma kabisa mbele ya karai la mihogo.

Mwingine angejaza oili, akachukua hela yake, akaniambia nenda. Huyu akaniuliza swali dogo lililonibakia kichwani: “Imekwenda wapi?” Maana oili ya stelingi hailiwi wala haichomwi kama petroli. Mfumo umefungwa. Ikipungua, imevuja. Kujaza bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha msiba.

Basi akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akafuta kila mahali, pampu, paipu, mipira, raki, mpaka pakawa pakavu. Akajaza oili, akaniambia niwashe injini na kuzungusha usukani kulia na kushoto taratibu, yeye akiwa chini na tochi. Hapo zingatia: alitazama kwa macho, hakupapasa kwa kidole. Ukiubana usukani mpaka mwisho, oili kwenye paipu ngumu hufika nguvu ya mara 30 hivi ya upepo ulio kwenye tairi. Tundu dogo linaweza kukupiga oili kwenye ngozi, na ikirukia bomba la moshi lenye joto inaweza kushika moto.

Alikagua na mabuti ya raki, ile mipira ya kukunjana kunjana kila upande kama kinanda cha mkono. Ukiibonyeza ikawa imejaa oili ndani, hapo kweli sili za raki zimekwisha, na fundi akikwambia raki usigombane naye. Kadhalika kama usukani ni mzito upande mmoja tu na mwepesi upande mwingine, lawama mara nyingi huangukia raki yenyewe, kwenye vali yake. Mabuti yangu yalikuwa makavu kama makaratasi, na uzito ulikuwa pande zote.

Dakika kumi hazijaisha akaniita nikaona. Tone moja. Linaning'inia kwenye ule mpira laini wa kurudisha oili, pale unapoungana na kikopo. Mpira ulikuwa umekauka kwa joto la injini la miaka yote hiyo, ukiukunja unalia kama biskuti. Kilampu nacho kimelegea. Tone moja moja, wiki tatu, kikopo kizima.

Kazi yenyewe

Alinituma dukani kununua mpira wa kipimo kile kile, akasisitiza uwe wa oili, si ule wa maji wala wa petroli, na kilampu mbili mpya. Kuhusu oili akaniambia nisome kwenye kifuniko cha kikopo. Corolla za aina ile hutumia oili ile ile ya gia otomatiki, ile nyekundu, Dexron. Honda wana oili yao na hawataki kuchanganya. Usibahatishe.

Na tafadhali, narudia tafadhali, usikubali mtu amimine oili ya breki humo. Nimeona kwa macho yangu mtaani kwetu. Jirani yangu aliishiwa oili safarini, kijana wa dukani akampa ya breki kwa maelezo kwamba “zote za haidroliki tu, braza.” Oili ya breki inaharibu mipira na sili za upande huu, zinavimba na kulainika. Gari lililokuwa na tatizo la mpira mmoja likaanza kuvuja pampu na raki kwa pamoja. Huyo ndiye aliyelipa laki zile ambazo mimi niliziponea.

Mpira ulifungwa kwa robo saa. Kilichochukua muda ni kutoa hewa, na hapa ndipo mafundi wa haraka haraka wanapoharibu. Mzee alipiga jeki, tairi za mbele zikawa juu, akaweka stendi chini kwanza. Tairi zikiwa hewani, usukani unazunguka kwa wepesi hata injini ikiwa imezimwa. Ukiona bado umebana hapo, basi tatizo si pampu wala oili, ni vyuma: tairodi, boljointi au jointi ya mti wa usukani imekauka. Wangu ulizunguka vizuri.

Nikazungusha pole pole, injini imezimwa, kutoka mwisho wa kulia mpaka mwisho wa kushoto, mara nyingi mpaka mikono ikachoka. Yeye akawa anaongeza oili kila inaposhuka, mapovu yanapanda. Kisha tukawasha, tukarudia. Mwisho akazima na kuangalia kikopo. Oili ikipanda sana unapozima injini, hewa bado imo. Kwa Toyota kipimo ni milimita 5, ikizidi hapo unarudia. Tulirudia mara mbili.

Gharama yote, mpira, kilampu, oili lita moja na mkono wa fundi: elfu arobaini na mbili. Niliangalia ile hela nikakumbuka laki tatu na themanini, nikataka kurudi kwa yule wa mwembeni kumsalimia. Mzee akanizuia. “Pengine hakukuibia. Pengine hajui.” Mimi hadi leo sina uhakika ni kipi kibaya zaidi.

Kama la kwako halina oili kabisa

Sasa wewe mwenye Vitz au IST umekaa hapo unatafuta kikopo. Usitafute, hakipo. Hayo ni ya stelingi ya umeme: mota ndogo inasaidia mti wa usukani, na kompyuta ndiyo inayoiambia isukume kiasi gani. Suzuki walianza na Cervo mwaka 1988, na siku hizi magari madogo karibu yote yako hivyo.

Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi, IST yake ilikuwa nzito, akaenda gereji akarudi na risiti ya “oili ya stelingi.” Ya kumiminwa wapi? Nilimwambia arudi akaombe aonyeshwe kikopo. Alirudishiwa hela bila maneno mengi.

Kwa magari hayo, taa ndiyo inayosema. Itawaka P/S au EPS au picha ya usukani kwenye dashibodi. Anza na betri. Stelingi ya umeme inakula moto mwingi, betri ikichoka au vichwa vyake vikiwa na ukungu mweupe, au alternata haichaji vizuri, usukani ndio unaweza kuwa wa kwanza kulalamika. Safisha vichwa, kaza, pima betri. Halafu fyuzi. Halafu soketi za nyaya, hasa kama gari limeingia maji. Ukimaliza hapo ndipo uende kwa mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta, akuambie ni mota, ni sensa au ni kitu gani. Wakati mwingine ukiegesha kwa kuzungusha sana, mota inapata joto na kupunguza msaada yenyewe. Iache ipoe, usukani unarudi. Ya huyo dada ilikuwa betri, na alikuwa nayo tangu gari lishuke melini.

Ikikutokea barabarani

Jambo nililokosea mimi usiku ule ni kudhani usukani umekufa. Haujafa. Vyuma bado vimeunganika na tairi zako, kilichokufa ni msaada tu. Ushike kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu, utakuja. Punguza mwendo, maana kadiri gari linavyotambaa ndivyo unavyokuwa mzito lakini unapata muda. Washa indiketa, sogea pembeni. Na usizime gari kwa ufunguo likiwa linatembea, usukani unaweza kujifunga loki, na hapo ndipo balaa lenyewe.

Ukiona na taa ya betri imewaka kwa wakati mmoja, mkanda huenda umekatika. Kwenye magari mengi mkanda huo huo unazungusha na alternata, na mengine hata pampu ya maji. Tazama geji ya joto. Ukijikaza kwenda nyumbani utaua injini kwa kuokoa hela ya kuvutwa.

Na kuna tabia moja tunayo vijana wa mjini: kuegesha huku umekata usukani mpaka mwisho na kuushikilia hapo unapiga stori na mtu dirishani. Oili inachemka, pampu inateseka. Ukifika mwisho, urudishe kidogo. Sekunde chache tu zinatosha.

Yule mama wa mihogo nilirudi kumwomba radhi. Alinifungia mihogo ya elfu mbili, na pilipili, kisha akaniuliza kama nimeshatengeneza lile gari. Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kama mtu asiyeamini, akasogeza karai ndani kidogo.

Mjomba naye alirudi kutoka Moshi Jumapili iliyofuata. Akapitisha kidole juu ya boneti, akaridhika. Akawasha, akakata kona kutoka uani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, naomba Mungu. Maana mzee wa Ilala aliniambia mapema: pampu iliyozunguka wiki tatu bila oili ya kutosha imeshajikwangua ndani, itafanya kazi, lakini asubuhi asubuhi itaguna kidogo, na siku moja itataka kubadilishwa.

Ikaguna. Kidogo tu. Mjomba akazima injini, akashuka, akaniita kwa jina langu kamili.

“Hii sauti,” akasema, “ilikuwepo?”